Vipande vya Motokari ya Papa

Jumamosi, tarehe ishirini na mbili, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilipiga asubuhi, ikakatika ghafla, kisha jua likatoka kali na lupango lote, uwanja wa nyumba yetu, likaanza kutoa mvuke. Tulipoanika nguo, matone yakaanguka tena. Tulipozianua, jua likarudi.

Tangu asubuhi sijakaa chini. Nimeenda jikoni, nimerudi kwenye banda tunaloita hangari, nimeenda tena jikoni kuangalia sombe ya majani ya muhogo, nikafika na kusahau nilichoendea. Sababu ni kwamba leo fundi Mwansa amekuja kutuambia kama motokari ya papa inafaa kufungwa tena ao haifai. Iko chini ya hangari tangu utoto wangu, vipande vipande. Fidele, mdogo wangu anayekaa Lubumbashi, anataka kujenga vyumba vya kupangisha mahali pale, na wanunuzi wa vyuma wameshapatana naye walete kamio yao, lori la kubebea vyuma, Jumatatu. Juzi aliniambia kwa simu, akiniita yaya, yaani mkubwa wake, "Yaya, weye njo uko nayo karibu. Fundi aiangarie. Kama imekufa, iende. Kama iko muzima, tuiache. Minye nitakubali ile utasema."

Ni neno la haki, siwezi kumlaumu. Lakini kuamua si kipaji changu. Mimi ni mtu wa kufunga mlango, kutembea mpaka barabarani, halafu kurudi kuangalia kama niliufunga. Sikusoma sana, na hata hiki kidogo ninachoandika hapa nakisoma tena na kujiuliza kama ndivyo ilivyokuwa.

Fundi alipofungua furushi la kwanza, harufu ilinishika. Mafuta mazito ya zamani, petroli iliyokauka, na nyuma yake, mbali kabisa, harufu ya kitenge kilichokaa miaka mingi. Kilikuwa kitenge cha mama, cha buluu, chenye ndege wa njano. Rangi yake imefifia, lakini ndege bado wanaonekana. Nilibaki nimesimama pale na kijiko cha sombe mkononi.

Papa alikuwa mtu wa atelier ya usine, karakana ya kiwanda. Motokari aliinunua kwa mwalimu mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa ya aina ile watu waliita katsankat, na hata wakati ule ilikuwa imezeeka, nyeupe iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Siku ya Mungu tulienda nayo misa, ingawa kanisa lilikuwa karibu hivi kwamba mashini haikupata nafasi ya kuota moto. Mama alikaa mbele na kitenge chake cha ndege, kile alichofungiwa ndoa, shingo imenyooka, hasalimu mtu mpaka tushuke. Wakati mwingine tulienda Kapolowe kununua mahindi na viazi vitamu. Mara moja papa alitupeleka Mwadingusha, kwenye maporomoko ya maji. Akazima mashini ili tusikie maji, na mimi nikafikiri ule mngurumo ni wa motokari nyingine kubwa kuliko yetu, iliyofichwa chini ya mlima. Niliingoja itoke.

Halafu papa akaacha kwenda kazini. Mama alisema anapumzika. Alikohoa asubuhi, alikohoa akicheka, na koti lake la kazi likaanza kumkaa kama la mtu mwingine. Ulipoingia ule wakati wa baridi, wa vumbi jekundu na midomo kupasuka, aliingiza motokari chini ya hangari, akaipandisha juu ya matofali, akaanza kuifungua.

Jirani yetu Mama Odila alisimama kwenye uzio akamwambia mwenzake, "Ile motokari njo inamumaliza." Nililisikia neno hilo, kwamba motokari ndiyo inayommaliza papa, nikaliamini jinsi lilivyo. Nikajua kwamba ugonjwa wa papa umo ndani ya motokari, umejificha chini ya chuma fulani, na papa anautafuta. Ilikuwa wazi kabisa kwangu. Kwa nini mtu mgonjwa angeacha kitanda, akae kwenye baridi, afungue chuma moja baada ya nyingine, kama hakuna kitu anachotafuta?

Kila jioni nilimwendea. "Papa, umeipata?"

"Bado, mama. Iko mbele." Aliniita mama kwa sababu nilibeba jina la mama yake.

Alikuwa ametoa kwanza kiti cha mbele, akakiweka chini kwenye udongo ili akalie asichoke. Alitoa chuma, akaiosha ndani ya beseni ya petroli, akaianika juani, akaipaka mafuta. Kila burugi, yaani skrubu, aliirudisha kwenye tundu lake ilimotoka, akaikaza kwa vidole tu. Kisha aliita mama. Mama alikuja na kile kitenge, akauma ukingo wake kwa meno, akakipasua. Ile sauti ya kitambaa kupasuka nilikuwa naisikia hata nikiwa mbali nacheza, na mwili ulinisisimka. Nilimwuliza kwa nini anaharibu kitenge chake cha ndoa wakati matambara yako mengi.

"Matambara yanaoza mbio," alisema, hakuniangalia.

Vifurushi vilipangwa chini ya kitanda chao, vimefungwa vizuri kama watoto waliozaliwa jana. Fidele, ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni, alikuwa ndiye mtoto pekee wa nyumba ambaye hakufungwa na kitenge kizuri.

Ndipo papa mukubwa akaja. Alikuwa kaka wa papa, akikaa Kamatanda, ambako alinunua mawe kwa wachimbaji na kuyauza. Alikuwa mtu mnene mwenye koti la mifuko mikubwa hata jua likiwaka, na kicheko chake kilifika kabla yake. Alisimama mbele ya motokari isiyo na milango, isiyo na magurudumu, mashini yake imelala chini juu ya gunia.

"Ndugu yangu, unaitengeneza ao unaikula?"

"Naikula pole pole," papa alijibu. "Meno njo imepungua."

"Unibakishie mupaja."

"Utakula magurudumu. Iko laini."

Wakacheka wote wawili, na kicheko cha papa kikageuka kikohozi kisichotaka kuisha. Papa mukubwa akanigeukia na kusema niende kucheza. Nilienda, lakini nilizunguka nyuma ya hangari, nikasimama mahali ambapo manjanja, yale mabati ya ukuta, hayakukutana vizuri. Nilitaka kujua kama yeye atauona ule ugonjwa mapema kuliko papa.

Waliongea kwa sauti ya chini, sikushika neno. Kisha papa aligeuka ukutani akikohoa, na papa mukubwa akainama. Akachukua furushi moja la buluu, akalitumbukiza ndani ya mfuko wa koti, akaupigapiga mfuko juu yake, akaenda.

Nilingoja jioni. Papa alikuwa kwenye kiti chake cha motokari, amejifunika blanketi.

"Papa, papa mukubwa amebeba kitu. Kwa mufuko ya koti."

Aliniangalia muda mrefu. "Apana, mama. Hukuona kitu."

"Niliona, papa. Ilikuwa na ndege."

"Jua ilikuwa kwa macho yako. Hukuona kitu. Sema."

"Sikuona kitu."

"Njo vile." Akaweka mkono kichwani mwangu, ule mkono wa petroli, akauacha pale.

Sikumwuliza tena kama ameipata. Nilijua hataipata, kwa sababu ilikuwa imeenda Kamatanda ndani ya koti. Na tena nilijua kwamba haikwenda, kwa sababu papa hakuwahi kunidanganya. Nililala na mambo hayo mawili kichwani, kila moja likisukuma lingine litoke kitandani. Sina hakika kama ni hapo nilipoanza kuwa hivi nilivyo, mtu wa kurudi kuangalia mlango. Labda ningekuwa hivi hata bila hayo. Lakini sikumbuki kuwa hivi kabla ya siku ile.

Papa alikufa kabla mvua ya kwanza haijanyesha.

Kwa watu wa papa, mtu akifa, vitu vyake vinarudi kwao, upande wa damu ya mama yake, na kwanza kabisa kwa watoto wa dada yake. Siku kilio kinaisha, ndugu wanakaa chini na kugawa. Mkubwa wao ndiye anaongoza maneno. Mjane anakaa pembeni na watoto, hasemi. Si uovu, ni desturi. Waliomgawia papa mali ya mjomba wake walifanya vile vile, na papa alipokea.

Mtoto wa dada yake aliitwa Gaston, shoferi wa Lubumbashi. Alifika kwenye kilio na kamba nene, na rafiki mwenye pikapu ya kuvuta. Gaston hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemfikisha papa hospitali zaidi ya mara moja, na alilia kwa kweli. Kwa desturi, ile motokari ilikuwa yake. Aliniita kando akanipa biskuti.

"Mudogo, sema. Bitu bya motokari biko fasi gani? Uliona mutu anabeba kitu?"

Biskuti ilikuwa tayari mdomoni. "Sikuona kitu," nikasema, na sikuona kama nadanganya.

Wakaenda wote hangari, sisi watoto nyuma. Papa mukubwa aliinama juu ya mashini, akaingiza kidole ndani ya tundu moja tupu, akakizungusha.

"Delko iko wapi?" Gaston aliuliza. Hiyo ndiyo chuma inayogawa moto, bila yake mashini haiwaki.

"Unaniuliza minye? Muulize mwenyewe, tumemuzika juzi." Mtu mmoja alicheka, akaona aibu. "Gaston, mwana wa dada yangu, angaria muzuri. Hii si tena motokari. Hii ni kichwa ya samaki, nyama bantu balishakula. Utaivuta mpaka Lubumbashi, njia yote bakucheke?"

Gaston alizunguka lile boma la motokari mara nyingi, akalipiga kwa kiatu, akasikia mlio wa debe tupu. Mwishowe akakunja kamba yake. Alichukua redio, baiskeli, na suti za papa. Wengine walichukua viti na kitanda, na kwa ajili ya kitanda wakavivuta nje vifurushi vya chini yake na kuviacha sakafuni, maana nani anataka chuma? Baadaye mama alivipanga chini ya hangari. Mmoja alishika cherehani ya mama. Papa mukubwa akasema, "Ile mashine acha. Mwanamuke atakula na nini?" Akaiacha.

Muda wote huo nilikuwa naangalia mfuko wa koti lake. Nilikuwa nimeelewa kila kitu, kwa akili yangu ya wakati ule. Alibeba kile ambacho papa alikuwa akikitafuta ili apone, papa akafa, na sasa anaingiza kidole mahali alipoiba na anacheka.

Kila mavuno alituletea gunia la unga. Niseme haki, ulikuwa unga mzuri, nami niliula. Mama alimsalimia kwa mikono miwili. Mimi nilisalimia kwa mmoja, na sikuweza kumwambia mtu kwa nini, kwa sababu sikuona kitu.

Sasa nirudi kwa leo. Fundi Mwansa ni kijana, kofia nyuma mbele, anajipenda, na mdomo wake unafanya kazi kuliko mikono, ingawa mikono pia haijalala. Alitandaza shiti ya plastiki, akapanga kila chuma mahali pake kama mtu anayelaza mifupa. Mama alikuwa kwenye mlango wa jikoni na sinia ya karanga, anatoa zilizooza.

"Ye mwenye alifungula hii hakujua kazi," fundi alisema.

Nilimgeukia. "Juu ya nini?"

"Fundi anafungula fasi ya ugonjwa. Ye amefungula yote, na ugonjwa hakuna. Angaria piston. Angaria meno ya gia. Hii motokari ilikuwa inatembea muzuri kabisa. Anafungula ya nini?"

"Alijua kazi," mama alisema kutoka mlangoni. Hakuinua kichwa. "Motokari yenye kutembea ingeenda na Gaston. Chuma chini ya manjanja, nani ataibeba?"

Fundi aliirudisha piston mahali pake. Mimi niliuliza swali ambalo lilitoka na sauti ya mtoto, nililisikia mwenyewe. "Kwa hiyo hakuwa anatafuta ugonjwa?"

"Ugonjwa ilikuwa kwa kifua, mwanangu. Aliijua."

Nilienda jikoni. Nilirudi. Fundi alikuwa amelala chini ya boma anagonga na bisibisi, na kutu inamwangukia usoni. Alitoka akajipangusa, akasema alichokiona. Sakafu imeliwa mahali maji ya mvua yanapodondoka. Mlango mmoja umekwisha. Mifupa mikubwa ya chini bado ina nguvu. Mashini ni nzima. Kisha akaonyesha nafasi tupu aliyoiacha katikati ya plastiki.

"Ila kitu kimoja tu. Delko hakuna. Minye sitakudanganya, mama. Delko ya katsankat, mwaka huu, utaiona wapi? Bila ile, hii yote ni chuma ya kamio."

"Papa mukubwa aliibeba," nikasema.

Sijui ilitoka wapi. Haraka nikaongeza, "Ao labda sikuona muzuri."

Mama aliweka sinia chini. "Nani alikuambia?"

"Nilimuona. Papa akasema sikuona."

Aliniangalia kana kwamba ndiyo kwanza nimeingia lupangoni. Halafu akasema taratibu, "Nilimuita asubuhi. Nilimuambia leo njo siku ya kuamua. Iko njiani."

Papa mukubwa alifika mvua ikianza tena, nyuma ya pikipiki, mzee sasa, amekonda, koti lile lile ao ndugu yake. Kicheko bado kinamtangulia, ila kina upepo ndani. Hakukaa. Alitia mkono mfukoni akatoa furushi. Kitenge kilikuwa cha buluu kali, na ndege wake wa njano waling'aa kama siku ya ndoa ya mama, kwa sababu hakijaona jua.

"Sijaifungula hata siku moja," alisema. "Ndugu yangu aliniambia: Yaya, siku ya kugawa weye njo utaongoza maneno. Beba hii, useme imekufa. Kama watafunga bitu bingine yote, haitawaka." Akanigeukia. "Na weye ulikuwa nyuma ya manjanja. Niliona miguu yako chini, na vumbi."

Niliangalia miguu yangu.

"Nilimuambia, huyu mutoto ameona. Akasema, najua, na Gaston atamuuliza ye wa kwanza. Mutoto hawezi kuficha kitu ameona. Afazali akuwe hakuona." Papa mukubwa alipangusa maji usoni. "Alisema atakuelezea ukikomaa. Wakati haukumupatia nafasi. Na minye nilifikiri mama yako alikuelezea."

"Na minye nilifikiri hakuna kitu ya kumuelezea," mama alisema.

Nilikaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza leo, na nilipoangalia nimekalia nini, kilikuwa kiti cha papa. Niliona. Furushi lilikuwepo, mfuko ulikuwepo, ndege walikuwepo, na jua halikuwa machoni mwangu. Kuhusu mtu aliyelibeba, hapo nilikosea kabisa, na ni haki niandike hivyo pia.

Fundi aliifungua delko, akazungusha kijiti chake kwa vidole viwili. Kilizunguka bila kukwama. Akaiweka kwenye ile nafasi tupu.

"Sasa sema," nikamwambia. "Inafaa ao haifai?"

Alivua kofia, akakuna kichwa. "Kwa biashara, haifai. Sakafu, mulango, ni kazi ya kukonda. Lakini imetimia. Minye sijaona motokari ya zamani namna hii imetimia."

"Muifunge," mama alisema.

Nilimpigia Fidele. Nilimwambia yote, na la sakafu, na la mlango, na kwamba kwa biashara haifai, ili asiseme baadaye nilimficha. Nikasikia barabara ya Lubumbashi nyuma yake.

"Yaya, uko na hakika?"

Watu wameniuliza hivyo maisha yote, na jibu langu linajulikana. "Niko na hakika," nikasema. Alingoja niongeze kitu. Sikuongeza. Akasema basi, ataambia watu wa kamio wasije.

Jioni tumekula bukari, ugali wetu, na sombe iliyoshika moto chini, kosa la kutembeatembea kwangu, na samaki tomsoni wa kukaanga. Fundi alipewa mkia, akashukuru. Kichwa mama alikiweka kwenye sahani ya papa mukubwa. Mzee alikiangalia, akamwangalia mama, akaangalia hangari.

"Kumbe kichwa iko na nyama," alisema, akakila chote, mpaka macho.